Presha, kisukari, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu na gauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dalili, visababishi na mlo

Wagonjwa wengi hutoka kliniki wakiwa na dawa mkononi na agizo moja fupi kuhusu chakula: punguza. Wakifika nyumbani hawajui wapunguze nini, kwa kiasi gani, wala wale nini badala yake, na pengo hilo hujazwa na jirani, shemeji au ujumbe wa simu wenye orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa. Majibu yafuatayo yanahusu magonjwa matano yanayojitokeza sana katika familia zetu. Msimamo unaoyaongoza ni kwamba chakula ni sehemu ya tiba, kinafanya kazi pamoja na dawa wala hakichukui nafasi yake, na kwamba katika mengi ya magonjwa haya suala la kiasi ni zito kuliko suala la kipi kimekatazwa.

Nitajuaje kama nina shinikizo la juu la damu ikiwa sisikii maumivu yoyote?

Utajua kwa kupimwa tu. Watu wengi wenye presha hawaumwi kichwa, hawasikii kizunguzungu, wala moyo hauwaendi mbio, na ndiyo maana wengine huugundua ugonjwa siku wanapopata kiharusi au wanapoambiwa kwamba figo zimeshaharibika. Shinikizo huhesabiwa kuwa la juu pale ambapo vipimo vya siku mbili tofauti vinaonyesha namba ya juu kufikia 140 au zaidi, au namba ya chini kufikia 90 au zaidi. Kipimo kimoja kilichopanda siku ya msiba au baada ya kupandisha ngazi hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa, lakini kinatosha kumlazimu arudi kupimwa tena.

Katika watu wengi hakuna kisababishi kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Hukutana urithi wa familia, umri, unene, chumvi nyingi, pombe na kukaa bila kuushughulisha mwili. Wachache presha yao hutokana na ugonjwa mwingine, kwa mfano wa figo, na hao kwa kawaida ni wale ambao imewaanza wakiwa vijana au imekataa kushuka kwa dawa kadhaa. Jambo moja husahaulika mara nyingi: vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo watu hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti, vinaweza kupandisha presha na kudhoofisha nguvu ya dawa zake. Mweleze mhudumu wa afya kama unavitumia.

Kwa nini kipimo cha hospitali na cha nyumbani havilingani?

Mara nyingi tofauti huletwa na namna ya kupima. Kaa kitini ukiegemea, miguu ikiwa chini bila kukunjwa, upumzike dakika 5 bila kuzungumza, na mkono uwe umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyotangulia, na nenda haja ndogo kwanza. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati, na uwe wa ukubwa unaolingana na mkono, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko hali halisi. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, uandike namba zote na tarehe, kisha uende na daftari hilo kliniki. Linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha asubuhi ya foleni.

Chumvi ipunguzwe hadi kiasi gani, na imejificha wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na kiasi hicho ni cha vyakula vyote vya siku nzima. Watu wanaosema hawali chumvi nyingi kwa sababu hawaongezi mezani husahau inayoingia jikoni. Vidonge na unga wa kukolezea mchuzi vya viwandani ni chumvi kwa sehemu kubwa, na mpishi anayeweka vidonge viwili kisha akaongeza chumvi ya kawaida ameitia chumvi mara mbili. Samaki wa ng'onda na papa mkavu hubeba chumvi nyingi hata baada ya kupikwa; waloweke, umwage maji, urudie tena, na hata hivyo wasiwe kitoweo cha kila siku. Mkate wa dukani, soseji, achari na chipsi navyo vimo katika hesabu hiyo.

Kisha kuna magadi. Wengi huyatia kwenye maharage, makande au mlenda ili viive haraka, wakiamini kwamba si chumvi na kwa hiyo hayamhusu mwenye presha. Magadi yana sodiamu, na ni sodiamu hiyo iliyomo kwenye chumvi inayopandisha shinikizo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva vizuri bila magadi, na mgonjwa hapotezi chochote isipokuwa muda kidogo.

Ulimi huzoea. Ukipunguza chumvi taratibu kwa wiki chache na kuleta ladha kwa ndimu, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na pilipili manga, chakula kilichokuwa kinaonekana cha kawaida zamani kitakuwia chumvi tupu.

Je, chumvi ya mawe, ya bahari au ile ya rangi ya waridi ni salama zaidi?

Hapana. Zote kwa sehemu kubwa ni kitu kilekile na hupandisha shinikizo kwa namna ileile. Madini mengine yanayotajwa katika matangazo yamo kwa kiasi kidogo mno. Zaidi ya hayo, chumvi isiyoongezwa madini joto humnyima mtu kinga dhidi ya tezi la shingo, na humnyima mama mjamzito madini ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Tumia chumvi yenye madini joto, ila kidogo.

Zipo pia chumvi mbadala ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Zinawafaa watu wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, anaweza kupata madhara makubwa ya moyo kwa kuzitumia bila kuuliza.

Presha yangu imeshuka na ninajisikia vizuri. Naweza kuacha dawa?

Imeshuka kwa sababu unazimeza. Kwa watu walio wengi presha hudhibitiwa, haiponi kwa maana ya kuondoka kabisa, na kuacha dawa kimyakimya ni njia ya kawaida sana ya kuelekea kwenye kiharusi. Hata hivyo ni kweli kwamba mtu aliyepunguza uzito, akapunguza chumvi, akaacha pombe na kutembea kila siku anaweza kupunguziwa dozi. Uamuzi huo hufanywa na daktari akiwa na vipimo mbele yake, na hufanywa hatua kwa hatua.

Kisukari husababishwa na kula sukari nyingi?

Si moja kwa moja. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana, hutokea pale kinga ya mwili inapoziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kichocheo kinachoshusha sukari kwenye damu. Hakuna mzazi aliyekisababisha kwa kumpa mtoto pipi, na kumlaumu mama kwa hilo ni dhuluma. Kabla ya insulini kutumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu, huko Toronto mwezi Januari 1922, watoto hawa walikufa. Leo wanaishi na kuzeeka, mradi wasikose insulini hata siku moja, na hakuna mlo, dua wala mzizi unaoweza kushika nafasi hiyo.

Aina ya pili, ambayo ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi, hutokana na mwili kuacha kuiitikia insulini sawasawa na kongosho kuchoka kufidia. Hapa urithi, unene hasa wa tumbo, umri na kukaa sana vina nafasi kubwa. Soda na chai ya sukari nyingi huchangia kwa sababu huongeza uzito na kulitwisha kongosho mzigo, lakini mtu asiyeonja sukari anaweza kuugua kwa milima ya wali na chapati. Aina nyingine hujitokeza wakati wa ujauzito. Mara nyingi huondoka baada ya kujifungua, ila humwachia mama uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aina ya pili baadaye, kwa hiyo aendelee kupimwa.

Dalili zake ni zipi, na namba zinasomwaje?

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kupungua uzito bila sababu, uchovu, macho kuona ukungu, vidonda vinavyochelewa kupona, ganzi au moto kwenye nyayo, na fangasi za sehemu za siri zinazojirudia. Katika aina ya pili dalili zinaweza kujificha kwa miaka. Sukari iliyopimwa kabla ya kula chochote tangu usiku ikifika 7.0 au zaidi katika kipimo cha milimoli kwa lita, au ikifika 11.1 au zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, ni kisukari; asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine ili kuthibitisha. Kipo pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, ambacho kuanzia asilimia 6.5 huthibitisha ugonjwa. Kipimo hiki kinaweza kupotosha kwa mtu mwenye selimundu au upungufu wa damu, hivyo mpimaji aelezwe.

Baadhi ya mashine husoma kwa miligramu. Ukiona 126 usifadhaike: igawe kwa 18 upate 7.0.

Niache ugali wa sembe nile dona? Niache wali kabisa?

Dona ni bora kwa sababu pumba na kiini cha mahindi vimebaki, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na hushibisha mapema. Lakini dona ni wanga. Mtu aliyebadilisha unga bila kubadilisha ukubwa wa tonge ataiona sukari yake inapanda vilevile, na atakata tamaa akidhani amefanya kila kitu. Hali ni hiyohiyo kwa unga wa mtama, ulezi au muhogo, na kwa ule uji wa lishe uliochanganywa nafaka sita na kuongezwa karanga, ambao wengi huunywa kikombe kikubwa asubuhi kama dawa ilhali ndani yake mna wanga mwingi uliosagwa laini na kuwa mwepesi kuingia kwenye damu.

Njia rahisi ni kupanga sahani. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, nyanya chungu, biringanya, saladi. Robo iwe kitoweo: maharage, choroko, dengu, samaki, kuku aliyetolewa ngozi, mayai, nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, na hapo unachagua kimoja kati ya ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo au chapati, si viwili. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako iliyofungwa ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kumkataza Mhaya ndizi au Mmakonde muhogo ni kumpa ushauri atakaouacha baada ya wiki mbili, na kwa maoni yangu ni ushauri usio na msingi pia, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya ile robo. Maharage na dengu navyo vina wanga, ila hupandisha sukari polepole, na vinastahili nafasi kubwa zaidi kuliko wanayopewa na watu wanaoviona ni chakula cha shule.

Muda nao una uzito wake, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu: asiruke mlo kisha akafidia usiku.

Je, matunda, asali na tende vinaruhusiwa?

Matunda yanaruhusiwa, yakiliwa mazima na kwa kiasi: chungwa moja, embe dogo nusu, kipande cha papai, ndizi mbivu ndogo. Juisi ni suala jingine, hata ile ya nyumbani isiyoongezwa sukari, kwa kuwa glasi moja hubeba sukari ya machungwa matatu au manne huku nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Parachichi lina sukari kidogo sana na lina mafuta mazuri, ingawa linanenepesha likizidi. Asali ni sukari, na hupandisha sukari mwilini bila kujali imetoka Tabora au dukani. Tende moja au mbili haziharibu mambo kwa mtu ambaye sukari yake imetulia, lakini kumi zitaharibu.

Sukari ikishuka ghafla nifanye nini?

Kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au ukali usio wa kawaida kwa mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi ni dalili za kushuka kwa sukari, na namba iliyo chini ya 3.9 inathibitisha. Kama hakuna mashine, usingoje. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, kisha upime au uangalie tena na urudie ikiwa hajapata nafuu. Akishapata nafuu ale kitu chenye wanga. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu; alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Mwenye kisukari anaweza kufunga Ramadhani?

Baadhi wanaweza, baadhi hawapaswi, na jibu hutafutwa kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kwanza ya funga. Wenye aina ya kwanza, wajawazito wanaotumia insulini, wenye figo zilizoharibika, na waliowahi kuzimia kwa kushuka kwa sukari miezi ya karibuni wamo katika hatari kubwa, na dini imewapa wagonjwa ruhusa. Anayetumia vidonge peke yake na sukari yake imetulia mara nyingi huweza kufunga baada ya kubadilishiwa dozi na nyakati.

Anayefunga apime sukari mchana. Kutobolewa kidole hakuvunji saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 afungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia. Daku iliwe karibu na alfajiri kadiri iwezekanavyo. Futari ya pwani ndiyo yenye mtihani mkubwa zaidi: muhogo wa nazi, viazi vya nazi, tambi za sukari, kaimati na uji hukaa kwenye mkeka mmoja, na kila kimoja ni wanga. Chagua kimoja, anza na maji na tende moja, na ile nafasi iliyobaki uipe samaki, kunde na mboga.

Maji ya bamia, mdalasini, mlonge na kitunguu saumu vinatibu?

Kama vyakula, vyote ni vizuri. Kama tiba inayomfanya mtu aache dawa, hakuna hata kimoja chenye ushahidi wa kutosha. Hatari ina pande mbili: wapo wanaoacha insulini na kulazwa wiki hiyohiyo sukari ikiwa imepanda mno, na wapo wanaochanganya dawa za hospitali na za asili zinazoshusha sukari kweli, wakashuka kupita kiasi. Ukitumia chochote cha aina hii, mwambie daktari bila woga, na daktari naye asikukaripie, maana mgonjwa aliyekaripiwa huficha.

Vidonda vya tumbo husababishwa na nini hasa? Ni mawazo na kukaa na njaa?

Visababishi viwili vikuu ni bakteria aitwaye *Helicobacter pylori* na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Bakteria huyo alitambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia, mwaka 1982, wakati ambapo madaktari wengi waliamini kwamba chanzo ni msongo wa mawazo na tindikali peke yake. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao na ukuta wa ndani wa tumbo lake ukawaka na kuvimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Bakteria huambukizwa kutoka mtu hadi mtu, aghalabu utotoni, na wengi walio naye hawaumwi kamwe.

Dalili ni maumivu yanayowaka kwenye chembe ya moyo, ambayo huja mtu akiwa na njaa au usiku wa manane, pamoja na tumbo kujaa na kichefuchefu. Si kila anayewakwa tumbo ana vidonda, kwani kiungulia na matatizo ya nyongo hufanana navyo. Njaa na mawazo vinaweza kuzidisha maumivu ya kidonda kilichopo.

Kwa hiyo maharage, pilipili na maziwa viko katika kundi gani?

Maharage hayatengenezi vidonda. Yanajaza gesi, na gesi humwongezea mtu mwenye tumbo linalouma adha, hivyo anayeona yanamsumbua ayapumzishe kwa muda. Pilipili nayo humchoma aliye na kidonda lakini haianzishi kidonda. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi, na ushauri wa zamani wa kunywa maziwa kila saa umeachwa. Sigara huchelewesha kupona, na pombe huukera ukuta wa tumbo. Inasikitisha kuona mtu amekaa miaka mitano akila ndizi za kuchemsha na maziwa, amekonda, ilhali hajawahi kupimwa bakteria anayetibika kwa dawa za wiki mbili.

Nilitibiwa, dalili zimerudi. Je, dawa hazifanyi kazi?

Inawezekana bakteria hakuisha. Tiba huwa na dawa za kuua bakteria mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazo, kwa kawaida kwa siku 14, na anayekatiza siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha humwacha bakteria akiwa sugu. Uhakiki hufanywa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa za bakteria na wiki 2 bila omeprazo. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hiyo, kwani kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya mtu kupona, na wengi wametibiwa mara tatu bila sababu kwa ajili yake.

Nina uchovu, moyo unakwenda mbio na viganja vimepauka. Ni upungufu wa damu?

Huenda ndivyo. Kipimo cha wingi wa damu, kinachosomwa kwa gramu kwa desilita, kikiwa chini ya 12 kwa mwanamke, 13 kwa mwanamume na 11 kwa mjamzito huhesabiwa kuwa upungufu. Lakini huo ni mwanzo wa swali, kwa maana damu hupungua kwa sababu nyingi: ukosefu wa madini ya chuma, hedhi nzito, malaria, minyoo ya safura, kichocho, selimundu, ugonjwa wa figo, au kidonda cha tumbo kinachovuja polepole. Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, asikubali kupewa vidonge vya chuma na kurudishwa nyumbani bila kutafutwa damu inakopotelea. Mwenye selimundu asitumie vidonge vya chuma bila agizo la daktari.

Juisi ya rozela, biti na soda nyeusi huongeza damu?

Rangi nyekundu haifanyi kitu kuwa damu. Biti ina chuma kidogo; rozela ina vitamini C inayosaidia chuma cha chakula kufyonzwa, na hilo ni zuri, lakini haitoshi kuinua damu iliyoshuka hadi 7. Soda haina msaada wowote. Chuma kinachofyonzwa vizuri kimo katika maini, nyama nyekundu, kuku, dagaa na samaki. Kilichomo katika maharage, choroko, kunde na mboga za majani hufyonzwa kwa uchache, na husaidiwa na chungwa, embe, pera au ndimu iliyokamuliwa kwenye mlo huohuo.

Kinachokwamisha zaidi ni chai. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo zisogeze saa moja au mbili mbali na mlo, na vidonge vya chuma visimezwe kwa chai wala maziwa. Choo kuwa cheusi wakati wa kuvitumia ni kawaida. Mama mjamzito anayetamani udongo apimwe damu, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma na unaweza kuleta mayai ya minyoo.

Gauti ni ugonjwa wa wala nyama tu?

Hapana, ingawa nyama ina sehemu. Gauti hutokea pale asidi ya yuriki inapozidi kwenye damu na kuganda kama fuwele ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, ambacho huvimba usiku mmoja na kuuma hata kwa kuguswa na shuka. Urithi na figo zisizotoa asidi hiyo ipasavyo ndivyo vyanzo vikubwa; bia, utumbo, maini, figo, dagaa, soda zenye sukari, na baadhi ya dawa za presha za kuongeza mkojo huongeza mzigo. Maharage na mboga za majani, ambavyo wengi hukatazwa, havijaonekana kuongeza gauti.

Mlo peke yake hupunguza asidi hiyo kwa kiasi kidogo. Anayeshambuliwa mara kwa mara huhitaji dawa ya kila siku kama alopurino, lengo likiwa kuishusha chini ya miligramu 6 kwa desilita ya damu, na vidonge vya maumivu vya dukani visigeuzwe kuwa tiba ya kudumu, kwa sababu huumiza figo na tumbo.

Ni dalili zipi zisizosubiri miadi ya kliniki?

Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, au maneno kutoeleweka. Maumivu mazito ya kifua au kukosa pumzi. Kutapika damu au matapishi kama masalia ya kahawa, au choo cheusi kinachonata kwa mtu asiyetumia vidonge vya chuma. Kutapika na kuhema kwa kina kwa mwenye kisukari. Kiungo kimoja kuvimba pamoja na homa. Na kwa mjamzito, kichwa kuuma sana, macho kuona giza au uso kuvimba ghafla. Haya yote ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Nyumba moja ina baba mwenye presha na gauti, mama mwenye kisukari na binti mwenye upungufu wa damu. Tupike sufuria ngapi?

Moja, kwa sehemu kubwa. Chumvi kidogo inamfaa kila mtu mzima, mboga nyingi vilevile, na wanga wa wastani haumdhuru hata asiye mgonjwa, mradi watoto wanaokua waongezewe. Tofauti huja kwenye kitoweo: dagaa wanaomfaa binti kwa ajili ya chuma ndio wanaomsumbua baba, kwa hiyo baba ale maharage au yai siku hiyo, na binti ale dagaa pamoja na chungwa, chai yake ikingoja. Mama anapakua ugali wake kwa kipimo cha ngumi na kujaza sahani kwa matembele. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu.

Nyumba yenye mgonjwa wa figo haifuati utaratibu huu moja kwa moja. Maharage, ndizi, parachichi na mboga za majani, ambavyo husifiwa kwa wenye presha, vina potasiamu ambayo figo zilizochoka zinaweza kushindwa kuitoa, na kiasi cha protini nacho hupangwa upya. Mgonjwa huyo aombe kuonana na afisa lishe wa hospitali akiwa na majibu ya vipimo vyake vya karibuni na orodha ya alivyokula kwa siku tatu, pamoja na soda na vitafunwa.